Matofali ya Maracha

Kando ya barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko kuna marundo ya matofali ya kuchoma, mengine mapya na mekundu, mengine yameota majani hadi juu. Nilianza kuyahesabu tulipoipita Manibe. Nilipofika thelathini na saba, kijana aliyekuwa akiniendesha kwa bodaboda aligeuza kichwa kidogo akasema, "Mzee, hizo ni akiba za watu. Yangu iko mbele, nitakuonyesha."

Mimi nilikuwa nimekuja West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine. Mwanangu wa pili yuko Kanada, katika mji wa Brampton ulio jirani na Toronto, mwaka wa sita sasa. Alikwenda kusoma chuo cha ufundi, akamaliza, akapata kibali cha kazi, na sasa yuko ghalani, anapanga na kupakia mizigo kwa zamu. Anakaa na vijana wenzake watatu chini ya nyumba ya mtu, mahali wanapopaita besimenti. Mmoja wao ni Mkakwa wa Koboko. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha: mwanangu alimsikia akiongea kwenye simu kituo cha basi, akamsalimia, wakawa ndugu. Huyo Mkakwa anajenga kwao. Kila mwezi humtumia dada yake fedha, na dada humrudishia picha. Mwanangu aliposikia nina safari ya kutoka Mwanza kwenda Kampala akaniomba: "Baba, ukiweza fika hadi Koboko. Mwenzangu anamwamini dada yake, ila anataka mtu mzima aukanyage huo msingi kwa miguu yake."

Ombi la namna hiyo halikataliwi. Mwenye ndugu ng'ambo anajua ni nyumba ngapi zimejengwa kwenye picha tu.

Basi liliondoka Kampala usiku, likauvuka Mto Nile pale Karuma watu wamelala, likauvuka tena Pakwach kukipambazuka, na saa mbili asubuhi nilikuwa Arua nimeshika kikombe cha chai ya maziwa. Arua inakusemesha Kiswahili bila kukuuliza umetoka wapi. Sokoni kuna Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiarabu cha Juba, na wenye lugha hizo wakigombania bei, wanaigombania kwa Kiswahili. Mpaka wa Kongo uko karibu, wa Sudan Kusini hauko mbali, na mizigo ya pande zote mbili inapita hapa.

Tarehe 1 Julai 2020 serikali iliupandisha mji huu hadhi kuwa jiji. Sensa ya 2014 iliikuta manispaa ya Arua na watu 62,657. Jiji la leo limekwenda mbali zaidi ya mipaka ile. Limevichukua vijiji vya Ayivu, mahali ambapo watu walilima mihogo na ufuta, na ardhi ile ile iliyokuwa shamba la babu sasa inaitwa ploti na inapimwa futi 50 kwa 100. Kijana wa bodaboda, ambaye kwa siku mbili ndiye aliyenizungusha mjini, alinionyesha moja karibu na lami. Alikuwa ameiulizia bei mwezi uliopita. Aliambiwa milioni 15. Alinitajia kiasi hicho taratibu, kisha akawasha pikipiki.

Ana miaka 26, ana mke na mtoto wa kike wa miaka miwili, na ana stashahada ya uhasibu ambayo haijampa kazi ya uhasibu hata siku moja. Pikipiki si yake. Kila jioni humpelekea mwenye nayo shilingi 10,000, mafuta juu yake, na kinachobaki ndicho chakula. Anapanga chumba kimoja mtaa wa Oli, kile ambacho Waganda hukiita muzigo, neno ambalo limesafiri hadi huku. Alinikaribisha. Pazia la maua linagawa kitanda na masufuria. Nyuma ya mlango, kwa kalamu ya bluu, ameandika kila mwezi aliolipa kodi tangu alipohamia: mwezi, kiasi, sahihi ya mwenye nyumba. Safu imeshuka kutoka usawa wa macho hadi karibu na kitasa. Kote imeandikwa 80,000. Chini kabisa ameandika 100,000, na hapo hakuna sahihi.

Mwenye nyumba alikuwa amempa taarifa wiki iliyotangulia: kuanzia Januari kodi ni laki moja, na anataka ya miezi mitatu kwa mkupuo. Uganda ina sheria ya wenye nyumba na wapangaji tangu 2022, inayokataza kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka na inayotaka amri ya mahakama kabla ya mpangaji kutolewa. Hapa imepanda asilimia 25. Nilipomwambia, alikuwa anaijua. "Mzee, nikimshtaki leo, kesho nitapanga kwa nani? Wenye nyumba wa huku wanajuana wote." Mkataba wa maandishi hana pia, ana mlango wake tu.

Nilimwona yule mama mwenye nyumba, akianua nguo uani. Ni mjane. Vyumba sita vile vilijengwa kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe, na ndivyo vinavyosomesha watoto wanne. Mabati yanavuja, saruji inayofika Arua imesafirishwa karibu kilomita 500 kutoka Kampala, ada za shule zimepanda. Sikuweza kumchukia. Nilikumbuka kwamba Dar es Salaam kijana wangu wa kwanza alidaiwa kodi ya miezi sita kabla hajaonyeshwa ufunguo, na kwamba aliyelipa ni mimi. Huyu wa Oli hana baba wa kumlipia. Baba yake alifariki kijana akiwa darasa la tano.

Benki nayo imefungwa kwake. Benki za biashara za Uganda hukopesha kwa riba inayozunguka asilimia 18 hadi 20, na dhamana inayotakiwa ni hati ya ardhi. Mpango wa serikali wa kupeleka shilingi milioni 100 kila parishi kwa mwaka, ulioanza 2022, ni wa kilimo na mifugo; unaweza kukununulia mbuzi, paa haukununulii. Wizara inayohusika na nyumba imekuwa ikitaja upungufu wa nyumba milioni 2.4 nchi nzima. Kwa hiyo vijana wa West Nile wanaweka akiba kwa namna wanayoiweza wenyewe: udongo, maji, kuni na mgongo.

Siku ya tatu tukaenda Koboko, kilomita kama 55. Barabara yote ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ina lami, na pikipiki iliteleza vizuri. Tulipoingia Maracha akakata kushoto, tukashuka kwenye njia ya miguu, na lile rundo lake likawa mbele yetu, limefunikwa nyasi kuukuu na kukandamizwa kwa mawe.

Yalikuwa matofali 5,200. Ameyafyatua kwa viangazi viwili, Desemba hadi Machi. Alinionyesha kijito alikochimba udongo, shimo alilokanyagia, na kalibu ya mbao ya matofali mawili iliyolainika kwenye mishikio kama jembe la zamani. Unailowesha kalibu, unaipaka mchanga usigande udongo, unajaza, unakata juu kwa kijiti, unageuza. Kisha unayaanika chini ya nyasi yasipasuke kwa jua, unayapanga kuwa tanuru lenye matundu ya kuni chini, unalikandika tope, unalichoma siku mbili usiku na mchana bila kulala. Kuni ndizo zilizomgharimu zaidi. Alinunua mikaratusi mitatu. Akachomoa matofali mawili katikati ya rundo, akayagonganisha karibu na sikio langu. Yalilia kama chuma. "Lisiloiva halilii," akasema, akayarudisha mahali pake kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha mayai kwenye kiota. Kisha akaanza kung'oa majani yaliyoota ubavuni, na hakuonekana kuwa na haraka ya Koboko.

Babu yake alitoka na kigoda. Nilijaribu "Mi ngoni?" yangu ya Kilugbara niliyofundishwa njiani, naye akaipokea kwa furaha, kisha akahamia Kiswahili kilichonyooka. Alikijifunzia Kakira, kwenye mashamba ya miwa, alipokuwa kijana. Tangu enzi za Waingereza West Nile ilitoa watu wa kukata miwa Kakira na Lugazi na watu wa kubeba bunduki jeshini, na mwanamume alirudi na fedha ya mahari na ya mabati. Yeye alirudi akalima tumbaku, tumbaku ikaezeka nyumba. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, majeshi yalipowageukia watu wa upande huu, akakimbilia Zaire na watoto mgongoni. Aliporudi alikuta kuta nyeusi. Akajenga tena.

"Nimejenga nyumba tatu kwa mikono hii," akaniambia. "Ya kwanza nilipotaka kuoa. Baba yangu alitembea mpaka pale, akachomeka kijiti, akasema, wewe jenga hapa. Sikulipa hata kuku."

Nikamuuliza kama naye amemchomekea mjukuu wake kijiti. Mzee akatazama upande wa barabara. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitambua ardhi ya kimila, na ardhi hii ni ya ukoo, mzee hana hati wala hahitaji hati ili iwe yake. Lakini tangu lami ipite, kipande cha mbele kina wanunuzi. Baba wadogo wa kijana wanataka kiuzwe wagawane. Wajukuu wa kiume ni wanane. Rundo la matofali limekaa kwenye kipande hicho hicho. "Nikifa, watauza," mzee akasema. "Nikiwa hai, wanasubiri." Kijana alikuwa bado anang'oa majani, na alisikia kila neno.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria neno la kijiti. Kizazi cha mzee yule kilipigwa na vita, kikapoteza kila kitu, na bado kila kiliporudi kilikuta mahali pa kuanzia. Wajukuu wao hawajachomewa nyumba na mtu. Wanafyatua matofali kwa bidii ile ile ya babu zao, na hawana pa kuyasimamisha. Naliona hilo kuwa ni dhulma, hata kama hakuna mtu mmoja unayeweza kumshika mkono ukasema ndiye aliyedhulumu.

Koboko ni mji wa mpakani hasa. Mlima Liru unauangalia kwa juu, Kongo iko magharibi, na ukienda Oraba unavuka kuingia Kaya, Sudan Kusini. Kabla ya vita vya kule, vijana wengi wa hapa walikula kwa biashara ya Yei na Juba. Mapigano yalipoenea Equatoria baada ya Julai 2016, biashara ikakatika, na familia zilizokimbia zikaja kupanga vyumba mjini. Wateja wakapungua, wapangaji wakaongezeka, na kijana wa Koboko akabanwa pande zote mbili. Mji huu pia ndio watu huutaja wanapotaja asili ya Amin, aliyewafukuza Waasia mwaka 1972. Kanada iliwapokea takriban 7,000 kati yao. Nilipokuwa nikitembea na dada wa yule Mkakwa kuelekea kiwanjani, nilikuwa nikiwaza kwamba leo kijana wa Koboko ndiye aliyeko kule, analala chini ya nyumba ya watu.

Dada ni fundi cherehani, wa makamo. Kila risiti ameihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga: nondo, saruji, kokoto, vibarua, lori la mchanga. Alinimwagia zote mezani kabla sijamwuliza, na nilimheshimu kwa hilo. Kisha nikaukanyaga msingi. Nikauzunguka wote, nikagonga kona kwa jiwe, nikahesabu hatua. Vyumba vitatu na sebule. Kuta zilikuwa zimefika kiunoni, halafu zikasimama. Tofali la mwisho lililoletwa lilikuwa bichi. Dada alilikandamiza kwa kidole gumba, likamong'onyoka. Mwuzaji alishachukua fedha. Fundi amesema asipopata matofali mema ndani ya wiki, anakwenda kazi nyingine, na mwanzo wa Desemba matofali ni adimu: ya kiangazi kilichopita yamekwisha, mapya bado ni udongo.

Saa kumi na moja jioni tukapiga simu ya video. Kule ilikuwa saa tatu asubuhi, wametoka zamu ya usiku. Mkakwa akaja kwenye kioo, na nyuma yake nikamwona mwanangu, amevaa koti ndani ya nyumba. Nikamwambia yule kijana kwamba nimeukanyaga msingi wake, uko imara, na dada yake ni mwaminifu. Akafunika uso kwa mikono. Kwa muda tukamwacha tu.

Mwanangu akachukua simu, akanionyesha mahali wanapokaa, jambo ambalo kwa miaka sita hakuwahi kulifanya. Vitanda vinne, jiko la umeme, na dirisha moja lililo juu karibu na dari, pana kama trei ya chai. Theluji ilikuwa imeliziba nusu. Kila mmoja analipa dola 600 kwa mwezi. Wenye nyumba, walioko juu, ni mume na mke vijana nao. Walinunua kwa mkopo riba ikiwa ndogo. Kisha Benki Kuu ya Kanada ikaipandisha riba yake kutoka asilimia 0.25 mwanzoni mwa 2022 hadi asilimia 5 Julai 2023, na bila hao wanne wa chini mkopo haulipiki. Nikamkumbuka yule mjane wa Oli.

"Huku nyumba za kutosha hazipo, baba," mwanangu akasema. Shirika la nyumba la nchi hiyo lilikadiria mwaka 2023 kwamba zilihitajika nyumba milioni 3.5 zaidi ya zile zilizotarajiwa kujengwa hadi 2030. Bei ya wastani ya nyumba Toronto na vitongoji vyake ilizidi dola milioni moja mwaka 2021. Tangu Aprili 2023 kuna akaunti maalumu ya akiba kwa anayenunua nyumba ya kwanza, dola 8,000 kwa mwaka, kikomo 40,000. Mwanangu ameifungua. Amekwisha kuweka dola 1,900. Wazaliwa wa kule wanaofanya naye kazi, watu wa miaka 28 na 30, bado wako vyumba walivyolala wakiwa watoto, na baadhi ya wanaonunua ni wale ambao wazazi wamewasaidia. Alisema hayo bila kulalamika. Nilimsikia akijitahidi asilalamike, na hapo ndipo moyo uliponiuma.

Mkakwa yeye ameamua kujenga Koboko kwa sababu kule hawezi. Na dada yake aliniambia jambo ambalo lilikuwa likimsumbua: walinunua kiwanja kile 2021, na cha jirani, ukubwa ule ule, sasa kinauzwa mara mbili. "Wanasema ni hela za nje, mzee. Wanasema sisi ndio tunapandisha." Amejenga kwa uaminifu, ndugu yake amekesha kwa uaminifu, na bado kijana wa Koboko asiye na ndugu ng'ambo anazidi kusogezwa pembeni.

Kijana wa bodaboda alikuwa amechuchumaa ukutani akipima tofali bichi mkononi. Akasimama, akaomba simu.

"Kaka, mimi nina matofali. Yako Maracha. Yameiva."

"Yameiva kweli?"

"Muulize mzee."

Wote wakanitazama, walio kiwanjani na walio kwenye kioo. Nikasema niliyasikia yakilia. Ilikuwa kweli, na nilitamani isiwe kazi yangu kuisema.

Nilimvuta pembeni nikamwambia nitamlipia kodi ya mwezi mmoja, ayaache. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Asante, mzee wangu. Lakini wewe Jumatano unaondoka, na kodi itarudi." Wakapatana shilingi 150 kwa tofali, matofali 2,000, lori juu ya mnunuzi. Fedha ikaingia kwenye simu ya dada, ikahamia kwenye simu ya kijana, na hapo hapo akiwa amesimama akaituma kwa mama mwenye nyumba wa Oli. Laki tatu. Jua lilikuwa bado halijazama.

Asubuhi tulikuwa Maracha kabla ya lori. Vibarua wawili wakapanga mnyororo, tofali kutoka mkono hadi mkono, vumbi jekundu likapanda. Babu alikaa kwenye kigoda akiweka kokoto moja mapajani kwa kila mia. Kijana hakupakia. Alisimama upande wa pili wa rundo, akichagua yapi yaondoke na yapi yabaki, na nikaona kwamba anawapa yale yaliyo mazuri. Nilimuuliza kwa nini. Akasema nyumba ile itakaliwa na watu.

Babu alipofika kokoto ya ishirini akazimwaga chini. Lori likaondoka. Palipokuwa na rundo refu paliachwa ardhi nyeupe isiyo na majani, na mende wachache wakitafuta giza. Tukayafunika yaliyobaki, 3,200, kwa nyasi zile zile na mawe yale yale, mimi nikishika upande mmoja.

Nikadhani sasa tunapanda pikipiki turudi Arua. Akaitoa kalibu chini ya paa la babu yake, akaipiga kwenye goti kuangusha vumbi, akaniambia tupite kwanza mtoni aone kama maji yameshuka.